Daktari wa Giaboksi

Gari liliingia kwenye uwanja wa kuoshea magari likiwa na tope hadi kwenye vioo, na Daktari akalipenda kabla halijasimama. Lilikuwa gari la porini, refu, lenye matairi manene, ngazi ya kupandia, na bomba la kuvutia hewa lililopanda hadi juu ya paa, eti ili dereva akivuka mto injini isinywe maji. Ndani yake kulikuwa na mikono miwili ya gia: mmoja wa kawaida, na mwingine mfupi wa kuamrisha magurudumu yote manne yavute kwa pamoja. Mji wenyewe haukuwa na mto wowote wa kuvuka. Ulikuwa na mtaro mmoja mbele ya soko, na hata huo watu waliuvuka kwa kuruka.

Mwenye gari alishuka polepole, tumbo kwanza. Watu wote walimwita Mheshimiwa, ingawa hakuwa mheshimiwa wa kitu chochote. Aligombea udiwani akashindwa, akagombea tena akashindwa vizuri zaidi. Mabango yake yakabanduliwa mtaa mzima, lakini lile neno Mheshimiwa lililoandikwa juu yake likagoma kubanduka.

"Osheni vizuri," aliwaambia waosha magari. "Hili si gari, hili ni heshima."

Daktari, aliyekuwa ameketi kwenye kreti tupu la soda, alimeza mate.

Sasa na yeye tumweleze, maana si vizuri kumwita mtu daktari halafu tukanyamaza. Hakuwa daktari. Wala hakuwa fundi; spana alizijua kwa sura tu. Alichokuwa nacho ni koti jeupe ambalo mteja mmoja wa dada yake, aliyekuwa dobi, alilisahau, na kile kifaa cha kusikilizia moyo ambacho madaktari huning'iniza shingoni, alichokipata kwa njia ambazo hakupenda kuulizwa. Kwa vitu hivyo viwili na mdomo wake alikuwa amejijengea jina kuwa bingwa wa magonjwa ya giaboksi. Ugonjwa wenyewe aliujua mmoja tu, na aliujua barabara kwa sababu alikuwa akiutengeneza mwenyewe.

Dawa yake ilikuwa kisigino cha kandambili kilichokatwa kwa kisu. Gari likiwa linaoshwa, milango wazi, yeye hupita karibu kama mtu anayetafuta kivuli, huinua kapeti la upande wa dereva na kukichomeka kile kisigino nyuma ya pedeli ya klachi. Basi. Dereva akikanyaga klachi, pedeli haifiki chini. Isipofika chini, klachi haiachii sawasawa; isipoachia, gia hulia krrr na kukataa kuingia. Mwenye gari hupigwa na butwaa, hushika kichwa, huuliza watu, na watu, kwa bahati, humtaja Daktari. Daktari huja, husikiliza, hukunja uso, humtuma mwenye gari akalete maji ya uvuguvugu, na maji yakifika kisigino kimekwisha kurudi mfukoni na gari limepona. Maji yale hakuna aliyewahi kuuliza yalikuwa ya nini.

Siku hiyo, hata hivyo, Daktari hakutaka ujira. Alitaka gari.

Alilitaka kwa hamu ya mtu aliyechoka kuonekana mdogo. Alikuwa akiishi kwa dada yake mkubwa, dobi, mwanamke aliyefua na kupiga pasi mashuka ya nyumba za wageni, na mali pekee iliyokuwa na magurudumu pale nyumbani ilikuwa kigari cha mzigo cha huyo dada, kidogo hivi kwamba Daktari akikaa kwenye usukani magoti humgusa kidevu. Dada alikinunua kwa jasho lake, lakini kadi iliandikwa jina la Daktari, maana siku ya kuandikisha dada alikuwa amezama kwenye pasi na mdogo wake akajitolea kumpunguzia usumbufu. Na hivi karibuni dada alikuwa amepata kazi kubwa kuliko zote: hoteli ya kule juu mlimani ilikubali kumjaribu. Jumamosi, kabla wageni wa mchana hawajafika, mashuka yawe yametandikwa. Yakichelewa, kazi inakwenda kwa mwingine. Alikuwa akiimba kwa furaha tangu siku alipoambiwa, na alikuwa akiimba vibaya.

Basi wakati kapeti za gari la Mheshimiwa zimeanikwa kwenye waya, Daktari alipita kutafuta kivuli.

Siku iliyofuata mbele ya nyumba ya Mheshimiwa palikuwa na kikao. Gari lilikuwa katikati ya uwanja, boneti wazi, na kila mpita njia alikuwa na jibu.

"Ni oili ya giaboksi," alisema kinyozi wa ng'ambo ya barabara, aliyekuja na wembe mkononi akimwacha mteja na nusu kichwa. "Oili ikizeeka, gia zinakuwa na hasira."

"Oili gani! Ni sahani ya klachi imelika," alisema shemeji wa Mheshimiwa, kaka wa mkewe, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli. "Mimi nimesoma kwenye simu."

"Na mimi nasema ni dereva," alisema mke wa Mheshimiwa kutoka barazani, alikokuwa akikung'uta vumbi la kapeti. Hakuna aliyemjibu.

Daktari alitokea mtaani akitembea kwa haraka ya mtu anayesubiriwa na wagonjwa. Akasimama, akatega sikio.

"Samahani, Mheshimiwa. Si kawaida yangu kuingilia. Lakini hiyo sauti nimeisikia tangu kona ya pili. Anaumwa tangu lini?"

"Nani?"

"Giaboksi."

Mheshimiwa alimtazama kuanzia koti hadi viatu. "Tangu jana. Nikitia gia analia, nikitia rivasi analia zaidi. Wewe ni nani?"

"Mimi ni mtu wa kusikiliza," alisema Daktari kwa unyenyekevu wa kutisha, akavaa kile kifaa masikioni na kujilaza chini ya gari. Alikaa kule akisikiliza. Kinyozi alivua kofia. Daktari alipotoka uso ulikuwa wa mtu anayetafuta maneno ya kuiambia familia.

"Kuna huzuni ndani," alisema. "Nitajaribu. Lakini nipatieni maji ya uvuguvugu."

Maji yalipoletwa, gari lilikwenda mbele kidogo na nyuma kidogo pale uwanjani bila kutoa sauti. Watu wakapiga makofi. Kinyozi akarudi kumalizia ile nusu ya kichwa akisema alijua tu kwamba ni mambo ya ndani ndani. Daktari alikataa malipo, jambo ambalo lilimuuma, na kuahidi kurudi kuangalia hali ya mgonjwa.

Alirudi, akaangalia, na alipoondoka kisigino kilikuwa kimerudi kazini. Asubuhi gari likalia tena. Akaitwa, akatibu, akaangalia hali, likalia tena. Ndivyo wiki ilivyokwenda. Shemeji akashauri wabadilishe oili ya injini, wakabadilisha. Kinyozi akashauri wakaze vifungo vinavyoshikilia injini, wakakaza. Jirani mmoja akashauri gari ligeuzwe litazame upande mwingine, wakaligeuza. Mgonjwa akapona kila Daktari alipokuja na kuugua kila alipokwenda, hadi Mheshimiwa akawa mtu wa kushika tama barazani.

"Daktari, niambie ukweli," alisema Ijumaa. "Mimi ni mtu mzima."

Daktari alivua kile kifaa shingoni. Hii ilikuwa dakika aliyokuwa akiisubiri.

"Mheshimiwa, nimefanya niwezalo. Giaboksi imefika mwisho. Meno ya ndani yamekwisha. Leo itaingia, kesho itakataa, na siku moja utakuwa mlimani na familia yako na itakuacha hapo hapo. Gari hili kwa sasa ni bodi na kumbukumbu."

"Na mpya?"

"Giaboksi mpya ya gari kama hili?" Daktari aliangalia mbingu. "Utauza nyumba, halafu utaanza kulitafutia gari pa kulala."

Mke wa Mheshimiwa aliacha kukung'uta kapeti. Mheshimiwa alipumua kwa nguvu, akasema kwa sauti ya chini kwamba angempata mtu wa kumbadilishia hata na kigari kidogo tu, kizima, cha kumpeleka kwa wapiga kura, angeshukuru.

Daktari alijifanya kufikiri. Akajifanya kufikiri tena, kwa upande mwingine. "Nina kigari," alisema. "Kidogo, lakini kizima. Sikukusudia kuachana nacho. Ila mimi nina moyo wa huruma. Hilo lako nitalitoa viungo, nikawasaidie wagonjwa wengine."

"Kwanza tukalijaribu barabarani," alisema Mheshimiwa. "Sipendi uje useme nilikuuzia mbuzi kwenye gunia."

Kumkatalia kungekuwa jambo la kutia shaka. Daktari alikaa kwenye usukani, kisigino kikiwa mahali pake chini ya pedeli, Mheshimiwa akakaa pembeni, wakaondoka. Gia ya pili ililia. Daktari alifurahi. Gari lilipopata moto giaboksi ilianza kuunguruma kwa sauti nzito, na Daktari akafurahi zaidi. Ya tatu iliingia kwa ubishi, ikavuta kidogo, kisha ikachomoka yenyewe, na mkono wa gia ukamgonga gotini.

"Umeona!" alisema Daktari.

"Nimeona," alisema Mheshimiwa kwa sauti ya msibani.

Fundi yeyote wa kweli angesimamisha gari hapo, akashuka, akaenda zake nyumbani kwa miguu. Klachi isiyofika chini inaweza kuizuia gia kuingia, lakini haina uwezo wa kuitoa gia iliyokwisha kuingia. Hilo hata kinyozi angelifikia kama angepewa muda. Daktari, kwa upande wake, hakuwahi kukutana na ugonjwa ambao hakuutengeneza mwenyewe. Kila mlio na kila mtikisiko aliuhesabia kile kipande cha kandambili, akakisifu moyoni kwa kufanya kazi ya ziada.

Jumamosi asubuhi alimwambia dada yake kwamba anakipeleka kigari kukaguliwa breki, kwa sababu ya ule mlima wa hotelini.

"Usichelewe, mdogo wangu," alisema dada, mikono ikiwa kwenye foronya. "Nikikosa leo nimekwisha."

"Dada, leo utashangaa," alisema Daktari, na katika hili hakudanganya.

Makabidhiano yalifanyika mbele ya nyumba. Mheshimiwa, mtu wa siasa, alitaka mambo yawe wazi mbele ya umma.

"Daktari, sema watu wasikie. Gari hili ni zima au bovu?"

"Bovu."

"Giaboksi?"

"Imekufa."

"Nani kasema? Mimi?"

"Hapana, nimesema mimi. Na nalichukua nikijua hivyo, kwa hiari yangu, na akili zangu timamu." Hii ya akili timamu hakuombwa, aliiongeza kwa furaha.

"Kinyozi, umesikia?"

"Nimesikia," alisema kinyozi kutoka kibandani kwake, akimnyoa mteja. "Na kichwa hiki nilichokishika nacho kimesikia."

Kadi na funguo zikabadilishana mikono. Daktari akaondoka na mlima wa chuma ukinguruma chini yake, akapinda kona mbili, akasimama, akakichomoa kile kisigino na kukibusu. Akakanyaga klachi, ikafika chini kabisa. Gia ya kwanza ikaingia kwa upole wa siagi. Ya pili nayo ikaingia. Akafungua kioo ili watu wamwone, akaweka kiwiko nje, akashika njia ya kwenda kwa dada yake akipanga maneno: dada, mashuka ya hoteli hayabebwi na kigari, yanabebwa na gari.

Kwenye kimteremko cha kwanza aliingiza ya tatu, na ya tatu ikachomoka. Akairudisha, ikachomoka. Akainama akapapasa chini ya kapeti, labda kuna kisigino kingine alichokisahau. Hapakuwa na kitu. Giaboksi ikaanza ule muungurumo wa jana, ukapanda, ukawa kilio, na mbele kidogo ya mlango wa dada yake kitu ndani kikasema tak. Kuanzia hapo ya kwanza haikuvuta, wala ya pili, wala yoyote ya kwenda mbele.

Alirudi kwa Mheshimiwa kwa miguu, karibu anakimbia. Uwanjani shemeji alikuwa juu ya paa la kigari cha dobi akifunga vipaza sauti viwili vya kampeni.

"Mheshimiwa! Lile gari, gia zote zimekufa!"

"Pole sana," alisema Mheshimiwa barazani. "Si ndivyo ulivyotuambia?"

"Nilisema, lakini..."

"Lakini nini?"

Daktari alipiga hesabu. Kulia kwamba ameuziwa gari bovu hakuwezekana, kwa kuwa yeye ndiye aliyelitangaza bovu mtaa mzima. Kusema kwamba alidhani ni zima kulihitaji maelezo ya kwa nini alidhani hivyo. Ndipo alipotambua jambo la kutisha: alikuwa amesema kweli, mbele ya mashahidi, na kweli yenyewe hakuikusudia.

"Au kuna kitu ulitegemea kukitoa chini ya kapeti?" aliuliza mke wa Mheshimiwa.

Ng'ambo ya barabara kinyozi alizima mashine yake ya kunyolea.

"Kapeti za hapa nakung'uta mimi," aliendelea mama. "Kile kisigino nilikiona siku ya kwanza kabisa. Nilitaka kukitupa jalalani. Mzee akasema, mke wangu, kirudishe pale pale, huyo aliyekiweka ndiye mnunuzi wetu."

Mheshimiwa aliinamisha kichwa kwa adabu. Giaboksi ile ilikuwa imekwisha tangu miezi mingi iliyopita. Fundi wa kweli alimwambia hivyo, naye akaimiminia oili nzito ya matrekta ili inyamaze, akawa anazunguka na gari mjini kutafuta mtu wa kulipenda. Wanunuzi wote walikuwa na tabia mbaya ya kuuliza maswali. Huyu alikuja na majibu.

"Ukihitaji kazi," alisema, "uchaguzi unakuja. Una kipaji."

Daktari alirudi nyumbani akijiona mjinga, na alikuwa sahihi. Njiani alitunga uongo wa namna nyingi. Wa kwanza ulikuwa na majambazi ndani yake, wa pili ulikuwa na askari. Lakini alipomwona dada yake amesimama barabarani kando ya lile gari, mafurushi ya mashuka meupe yakiwa yamepangwa mlangoni, ameiva uso kwa joto la pasi, uongo wote ulimtoka. Aliona aibu, aibu ya kweli kweli, hadi masikio yakawaka moto.

"Kigari changu kiko wapi?" aliuliza dada.

Alimwambia. Alimwambia yote, pamoja na kandambili. Alipomaliza alisubiri kofi, na angelipokea kwa shukrani.

Dada hakupiga. Alilizunguka gari, akaangalia ngazi, akaangalia lile bomba la kuvukia mito, akafungua mlango wa nyuma akaona nafasi iliyokuwa ndani.

"Hakuna gia hata moja inayovuta?"

"Hakuna, dada."

"Hata moja?"

"Labda... rivasi. Rivasi inavuta. Lakini rivasi ni ya kurudi nyuma."

"Inavuta kwa nguvu?"

"Kwa nguvu sana, ila..."

"Pakia."

"Dada?"

"Pakia mashuka. Hoteli iko kule juu, na barabara ni hii hii. Geuza makalio ya hilo gari yatazame mlimani."

Daktari aliutazama mji. Kati ya pale na mlima kulikuwa na soko, kituo cha magari, uwanja wa kuoshea magari wenye watu wote aliowahi kuwatibia, na kibanda cha kinyozi. "Dada, nihurumie. Nipite kinyumenyume hivyo mchana kweupe, na watu wananiona?"

"Ulitaka wakuone na gari kubwa. Watakuona vizuri, tena polepole. Na kuanzia leo, mpaka kigari changu kirudi, mashuka yote ya mji huu utayapeleka hivi hivi. Vua hilo koti, lina mwenyewe."

Alilivua. Alipakia furushi moja moja, shuka, foronya, taulo. Kisha akapanda kwenye usukani, akageuza shingo hadi ikauma, akatia rivasi. Ikaingia bila kelele yoyote.

Dada alifungua mlango wa nyuma, akasogeza mafurushi, akakaa mahali ambapo siku hiyo ndipo palikuwa mbele, akajifunga kitambaa kichwani vizuri na kunyoosha kidole kuelekea sokoni.

"Piga honi," alisema. "Watu wajue tunakuja."